Sehemu ya Sababu

Bwana Vaillancourt,
fomu uliyonitumia ina mstari mmoja tu
kwenye sehemu ya sababu.
Urefu wa kidole. Nimeupima.
Mwaka huu nimepima vitu vingi.

Machi, theluji ikiwa bado imelala kwenye ngazi zako za chuma,
zile zinazojizungusha nje kama ganda la tufaha linapomenywa,
nilikuja na futi yangu ya kazini shingoni
(nashona mashuka ya hospitali, nilikuambia)
nikapima dirisha la jikoni,
nafasi ya kitanda kimoja,
mlango wa bafu unaogoma kufunga.
Ukauliza: mtakaa wangapi?
Nikasema: mmoja.
Neno likanijaa kinywani kama tonge la kwanza baada ya mfungo.
Nikatia sahihi kwa jina la nyumbani kwetu, Solange Thibault,
ambalo sikuwa nimeliandika tangu nina miaka ishirini na miwili.
Mkono uliikumbuka T, herufi nyingine ukazibahatisha.

Kuanzia tarehe mosi Julai, ndivyo tulivyoandikiana,
siku ambayo Montréal nzima huhama kwa pamoja,
majokofu yakishushwa kwa kamba toka roshani,
magodoro yakipita juu ya baiskeli.

Nikanunua kikombe. Kimoja. Cha bluu.
Nikakificha kazini, nyuma ya sabuni.

Gaétan hakujua.
Usinielewe vibaya: hakunipiga, hakuwa mlevi.
Alikuwa redio.
Tangu kahawa ya asubuhi mpaka soksi za usiku:
magongo ya barafuni, bei ya petroli,
jirani na koleo letu ambalo hajalirudisha.
Miaka thelathini na saba nikiitikia mhm
mpaka mhm ikawa ndiyo mimi.

Nilipanga kumwambia Alhamisi.
Nikaandaa pai ya nyama, habari ipate pa kutua.

Jumatano akasogeza friji ili afagie nyuma yake.
“Solange, hivi unajua kwamba”
akaiachia hapo.

Pai ililiwa na wafiwa.

Sasa ukimya ule niliotaka kukulipia kila mwezi,
dola mia tisa na arobaini, joto likiwemo,
ninao bure, vyumba vitano,
umejaa hadi kwenye droo ya vijiko.
Wa ziada wa nini?

Binti yangu Maude anasema: hama, mama, kuta hizo zitakumaliza.
Hajui kwamba nilishahama.
Niliondoka Machi, baba yake akaondoka Mei;
huyo anayemfungulia mlango kila Jumapili, sijui ni nani.

Najua, mkataba ni mkataba, na wino haufutwi kwa machozi.
Umenieleza mara mbili kwenye simu, tena kwa upole.
Basi nimekutafutia mtu wa kuuchukua.
Anaitwa Yasmina Ferhat, anasomea uuguzi,
ana paka, na mama anayempigia kutoka Béjaïa akilia.
Alipofika dirishani alinyamaza, kisha akacheka peke yake.
Nikamjua papo hapo.
Mpe yeye.
Mlango wa bafu nimeshamwonyesha:
uuinue kidogo kwanza, ndipo usukume.
Kikombe nilitaka kumpa. Kimenishinda mkononi.

Kwenye mstari wako nimeandika: sababu za kifamilia.
Maneno yameenea, hata nukta imepata pa kukaa.

Friji iko vilevile, katikati ya jikoni.
Naipita kwa ubavu nikienda kuchemsha maji,
na nikifika pale nyuma, palipofagiwa nusu,
nasimama
nasema, mhm?