Ploti ya Kumi na Saba

Langoni wananiomba kitambulisho.
"Wazee hulipa nusu," asema binti wa zamu,
nami nalipa nusu kwa simu,
nusu ya deni asilojua kwamba nadaiwa.

Msitu huu ulio nyuma ya Kitisuru
niliujua kabla sijaukanyaga.
Niliujua kwa wino: karatasi ang'avu mezani,
rula ya chuma, kalamu yenye ncha ya sindano,
na Bwana Mulwa mlangoni akihimiza,
"Malizia leo. Wenyewe wanangoja."
Ramani ile haikuwa na mti hata mmoja.
Palikuwa peupe tu, pakisubiri mistari.
Nikaugawa mafungu arobaini na manne,
nikaacha barabara ya mita tisa,
nikaandika tarakimu kwa mwandiko wangu
uliosifiwa ofisi nzima.
Jioni nikanunua mkate, nikaenda nyumbani.

Nyumba hazikujengwa. Nani alizuia, sijui.
Wengine husema mahakama,
wengine husema walaji waligombania sinia
hadi chakula kikapoa.

Leo natembea na fimbo
juu ya mchoro wangu mwenyewe.
Hii hapa barabara ya mita tisa: kijito kimeikata,
na chura mmoja ndiye mhandisi.
Ploti ya tisa. Jikoni kwa mtu
umesimama mwiri, gome jeusi
limepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi.
Ya kumi na mbili, chumba cha wageni:
kima watatu wamekalia tawi,
mmoja ananikazia macho
kama karani aliyeletewa fomu isiyo na muhuri.
Hondohondo wanapita juu ya dari isiyokuwako,
wakilia kama watoto waliokataa kulala.

Nafuata namba. Wenzangu waliokuja kutembea
wanafuata vipepeo, harufu, maji.
Mimi njia nyingine ya kuingia humu sina.

Ya kumi na saba ndiyo iliyoninyima usingizi.
Ilikuwa ya pembeni, na pembe yake haikutaka kufunga,
nikausogeza mstari milimita mbili
ili hesabu ikubali.
Milimita mbili za kalamu, mita tano za ardhi.
Nani angejua?
Kumbe ndani ya mita hizo tano
kulikuwa na mgumo.

Upo. Mkubwa kuliko ofisi yetu yote,
na giza lake lina ubaridi wa mtungi.
Miguuni pake kuna bikoni ya zege,
mzizi umeiinua upande mmoja,
imelegea kama jino la mtoto wa miaka sita.
Kuvu ya kijani imeila namba.
Nasoma kwa kidole: moja. Kisha saba.

Binti wa langoni amenifikia, daftari kwapani.
Nasimiyu, ndivyo kibandiko kifuani kinavyosema.
Anapiga vibati mitini, kila mti na tarakimu yake;
huu utakuwa wa mia nne na kumi na mbili.
"Mzee, umewahi kufika huku?"

Nikafungua mdomo.
Upepo ukapita, huko juu kabisa;
chini hapakutikisika jani.
"Kwa karatasi," nikasema.
Akacheka. Labda alidhani ni fumbo,
uzee una ruhusa ya mafumbo.
Akanipa ncha ya utepe wa kupimia.
"Zunguka nayo upande ule."

Nikazunguka, mkono mmoja juu ya gome.
Kwa hatua saba sikumwona,
nilisikia tu utepe ukinivuta
kama mtu aliyeshika upindo wa koti langu.
Tukakutana upande wa pili. Akaelekeza penseli.
"Nisomee."

Miwani ikateleza puani. Nikainama.
Mita nane, sentimita sita
na milimita mbili.

Hizo mbili nazo nikazitaja.