Piku

Nilikisikia kwanza kwenye karata,
kitenzi hiki cha silabi mbili:
wapakiaji wa Uyole, juu ya lumbesa, wakisubiri lori,
Lusekelo katupa mzungu wa kopa kwa mbwembwe,
Ambakisye kashusha turufu ndogo, paa!
“Nimekupiku.”

Sokoni hakihitaji karata. Kinahitaji sado.
Mama yangu, Gwantwa, na Sekela wa Inyala
wamepanga viazi uso kwa uso miaka kumi na mmoja,
kati yao mfereji tu, na baridi ya Juni
inayokutoa moshi mdomoni kama trekta bovu.
Jioni hakuna anayeanza na pesa zake.
Kila mmoja anahesabu magunia matupu ya mwenzake.
“Leo kanipiku kwa debe moja,”
anasema mama, akikung’uta kanga
kwa nguvu kuliko vumbi lililopo.
Kesho yake kilele cha sado kinapanda,
kiazi juu ya kiazi, na kimoja cha nyongeza
kwenye kiganja cha mteja: ndaga, karibu tena.

Ukiuza sana peke yako, umeuza tu.
Na si kushinda, mshindi huenda zake nyumbani;
aliyepiku anarudi alfajiri, na aliyepikuwa,
au aliyepikiwa, sijui.
Mwalimu Mwakatumbula alituuliza kauli ya kutendwa,
darasa zima tukageukia dirisha,
tukatazama ukungu wa Uporoto.

Mwezi wa saba Sekela hakuja.
Meza yake ilikaa na turubai, kamba mbili, jiwe.
Wateja wake wakaruka mfereji,
mama akamaliza magunia matano kabla ya adhuhuri.
“Umempiku,” nikamwambia.
Akanitazama kama niliyekosea chenji.
“Nimempiku nani?”

Akachagua viazi visivyo na kovu,
akajaza sado mpaka ikakataa,
akashika njia ya hospitali ya Igawilo
bila kuiandika sado hiyo kwenye daftari.

Alirudi magharibi, kanga imelowa manyunyu,
anacheka peke yake.
“Anasema Jumatatu yupo.
Lile gunia la viazi vyekundu,
mwanangu, lifiche.
Asilione mpaka afungue meza.”