Thumni Tatu na Robo

Saa mbili usiku, Punta Arenas.
Upepo unagonga mlango kama mdai.
Nawasha kompyuta, nasogeza chai,
nasema karibuni
kwa vidirisha kumi na tisa,
kumi na sita vyeusi tititi.

Wiki ya kwanza nilihutubia.
Slaidi arobaini na mbili, rangi tatu, mishale inayoruka.
Nikauliza, "Tuko pamoja?"
Ukimya ukajibu kwa niaba ya wote.
Nikaendelea kusema,
maana mwalimu anayeogopa ukimya huujaza maneno
kama mtu azibaye paa linalovuja
kwa uji.

Wiki ya tatu walibaki kumi na wawili.
Ofisi ya Santiago ikaniandikia: ongeza hamasa.
Nikaongeza nyota za dhahabu,
na kikaragosi cha pengwini apigaye makofi.
Baldovino, miaka hamsini na minane,
msimamizi wa kondoo elfu nne,
akapewa nyota.
Akaandika: "Mwalimu, hii naibandika wapi?"

Jumapili nikapiga simu, mmoja mmoja.
Sikuuliza kwa nini hawasemi.
Niliuliza wanakaa wapi wakati wa somo.

Nélida hukaa chumba cha kubadilishia nguo,
kiwanda cha samaki, wavu wa nywele kichwani,
magamba yamemganda viganjani;
kamera, akasema, haina haja ya kuyaona.
Eleuterio huwa ndani ya lori, foleni ya kivuko,
upepo ukikataa kushuka, naye amekataa kulala.
Baldovino hupanda ngazi ya tangi la maji,
ngazi ya saba, hapo ndipo mtandao unapofika,
anashika chuma kwa mkono mmoja
na mimi kwa mwingine.

Nami nilikuwa nikimpungia pengwini!

Jumanne iliyofuata sikufungua slaidi hata moja.
Nikauliza: "Leo nani kagawanya kitu?"
Kisha nikanyamaza. Nikahesabu kimoyomoyo.
Nane. Tisa. Chai ikapoa.
Kumi na moja...
Kidirisha kimoja kikakohoa.

"Mimi," akasema Eleuterio. "Tangi la dizeli.
Nilikuwa na thumni tatu,
jamaa wa foleni akaniazima robo.
Nitafika Porvenir na kurudi, au nitalala njiani?"

Hapo wakaamka, kama mbwa wa kondoo wasikiapo filimbi.
Baldovino akasema nne juu ya kumi na mbili
(sauti ilikatika, upepo ukachukua sababu zake).
Nélida akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.
Mdomo wangu ulikuwa na jibu, nikauuma.

Ndipo Otilia, aokaye keki na kuziuza kwa vipande,
anayeazima simu ya mjukuu hadi saa tatu kamili,
akawasha kamera kwa mara ya kwanza.
Unga kwenye nyusi. Keki mezani, kisu mkononi.
"Robo," akasema, "ni thumni mbili ambazo hazijatengana.
Zitenganishe kwanza. Asili zikiwa moja,
utahesabu hata gizani."

Akakata.
Vipande vitano akavisogeza upande wa kulia.
Asili zikiwa moja: nimefundisha neno hilo miaka kumi na minne,
asili, namba ikaayo chini ya mstari,
wala sikuwahi kulisikia.

Saa tatu kamili mjukuu akadai simu yake.
Hatukuagana vizuri.

Sasa wamebaki kumi na mmoja.
Saúl, fundi wa mabomba, aliyesema mara moja tu
kwamba hesabu humuumiza tumbo tangu utotoni,
hakurudi.
Kila Jumanne namtumia swali moja, fupi,
la mabomba.
Alama mbili za buluu hutokea: amesoma.
Hajibu.
La leo linahusu maji yanayovuja tone kwa tone
na ndoo isiyojulikana itajaa lini.
Nimelituma.