Kangomba ya Macho

Mimi ni karani wa mizani, ghala la Nanyamba.
Misimu tisa nasimama kwenye vumbi la magunia
nikisoma namba kwa sauti ili mwenye mali asikie.
Ukija na korosho mbichi, nakurudisha ukaanike.
Ukitia mawe chini ya gunia, mkono wangu utayakuta.
Na mnunuzi wa kangomba namjua kwa viatu:
huja usiku, mkorosho haujatoa hata ua,
na bakuli lake lililogongwa kitako likatanuka,
akakukuta na njaa, akakununua.

Basi nani atanieleza huyu mwingine,
asiye na viatu, asiyebisha hodi,
anayepima macho?

Dadi, mtoto wa kaka yangu, alianza vizuri.
Alisimama shambani, bomba mgongoni,
akaonyesha namna ya kupulizia salfa:
alfajiri, umande haujakauka,
upepo ukupige kisogoni, pua ifunge kitambaa.
Dakika nne. Kazi safi, daraja la kwanza.
Wakatazama watu kumi na wawili.
Mmoja ni mimi. Mara tatu.

Kisha siku moja akateleza, akakalia ndoo ya mabibo,
na mdogo wake Zainafi alikuwa ameshika simu.
Elfu kumi na moja kabla ya adhuhuri.

Tangu hapo Dadi anaanguka.
Anaanguka na ungo, unga unapaa.
Anaanguka na baiskeli, na kuku, na suruali ya Idi.
Salfa hakuitaja tena. Nani atakaa dakika nne?

Wala si yeye peke yake. Lipiko wetu,
ambaye usiku kucha hatukutakiwa kujua ni mume wa nani,
sasa hutolewa saa kumi alasiri, kwa ajili ya mwanga,
acheze kile kipande kimoja cha bega,
na jina lake limeandikwa chini, na namba ya kutumia pesa.
Midundo ya kutangulia, ile ya ngozi kuota moto taratibu,
vijana wapigaji hawaijui. Hawakuikataa.
Haikuenea kwenye bakuli, basi.

Hata matangani kwa Bi Somoe Likanda
nilimsikia mtu akimwambia mfiwa, kwa upole kabisa,
"Samahani dada, ulipolia simu ilikuwa haijawaka."
Naye akafuta uso. Akalia upya.

Nisijifanye. Mchana nakamata kangomba;
usiku nimelala chali, kidole gumba kinasukuma,
saa ya kwanza, saa ya pili, nauza kabla ya ua
kwa mtu nisiyemwona, kwa bei nisiyoambiwa.
Hakuna stakabadhi. Hakuna mnada.
Ameshajua tu huwa nasimama wapi:
penye ugomvi, penye aibu ya mtu,
penye kuanguka.

Usiku mmoja wa Oktoba akapita Dadi.
Tawi, mguu, ukelele, vumbi.
Nikacheka. Nikabonyeza moyo. Nikasukuma mbele.
Nilikuwa nimefika kwenye mapishi ya mtu nisiyemjua
simu ilipolia, kwa mlio ule wa zamani wa kuitwa.
Zainafi. Shangazi, tuko Ligula, mfupa umetokeza nje,
watu walisimama wakamhesabia, moja, mbili, tatu,
wakingoja ainuke kama kawaida yake.

Ule moyo niliuondoa.
Kicheko hakina kitufe.

Nilimkuta amefungwa plasta hadi nyonga,
midomo imekauka, shuka linanuka spiriti.
Hakuuliza habari ya mguu.
"Shangazi, imefika ngapi?"

Namba nilikuwa nayo, mkobani,
ndefu kuliko yoyote niliyowahi kuisoma kwa sauti.
Na mimi, ambaye misimu tisa sijampunja mtu hata gramu,
nikamtazama usoni, nikasema:
"Kumi na wawili."