Ajenda ya Tatu

Feni ya Chake Chake inazunguka
kama mtoto anayesomeshwa kwa fimbo.
Faili la kijani: Mize Faki Shaame,
baiolojia, miaka sita, anaomba kuthibitishwa.
Makala mbili.
Fomu inataka tano.

Mwenyekiti, naomba niseme, na katibu aandike.

Mwaka wake wa nne ilikuja barua ya mistari mitatu:
ufadhili umesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.
Haikutangazwa.
Gari la mradi likaondoka na funguo zake,
vijana wanne wa Kinyasini, wahesabu konokono,
wakarudi kwenye mihogo ya mama zao,
jokofu la sampuli likazimwa Ijumaa,
Jumatatu likanuka.
Hayo hayana kisanduku.
Kisanduku kipo cha ruzuku alizoleta,
nasi tumejaza sifuri, kwa wino,
utadhani sifuri ile kaizaa yeye.

Nimekwenda kwao Kangagani. Sikutumwa.
Konokono wa kichocho wamo ukumbini kwa mama yake,
mabeseni tisa; yalikuwa ishirini na sita.
Kila asubuhi huwanunulia saladi kwa mshahara wake,
na muuza mboga humuuliza:
wageni gani hao kwenu, hawali ila majani?
Vijitoni huenda kwa baiskeli.
Miezi mitatu hakwenda, aliumwa, na baiskeli iliumwa.
Daftarini zimo kurasa nyeupe,
na juu ya kila ukurasa mweupe
ameandika tarehe, na sababu.

Mimi ningezijaza.
Enzi zangu, ruzuku zikimiminika,
upo ukurasa niliujaza nimelala kitandani.
Katibu, hilo usiliandike.

Profesa Machano anasema: mbona Sleyyum
ana makala saba, bila hata senti ya mfadhili?
Kweli. Sleyyum ni mtu wa hesabu tupu,
maabara yake kichwa,
na kichwa hakizimwi Ijumaa.

Bi Zuwena amenyanyua mkono.
"Na mimi? Nilinyimwa kwa makala moja.
Mwanangu yuko Mnazi Mmoja na dripu mkononi,
nikaambiwa kanuni ni kanuni.
Nani alikuja kwetu kutazama mabeseni?"

Feni.
Sina jibu la Bi Zuwena.
Kikao kile nilikuwamo.
Kanuni ni kanuni: sauti ilikuwa yangu.

Lakini sisi ni watu wa karafuu, jamani.
Mwaka mikarafuu ikigoma kuzaa
nani humpima mchumaji kwa pishi za mwaka jana?
Humtazama mtini: alipanda?
Matawi aliyaacha mazima?

Sisemi tano ziwe mbili.
Wala siombi huruma; huruma ni sadaka,
na sadaka hupewa leo, kesho ukasimangwa.
Naomba miaka miwili ile itolewe kwenye hesabu,
si kwa Mize tu, kwa kila aliyekatiwa njiani
kwa mkono usio wake,
na tuiandike leo, kabla hatujajua
jina la faili linalofuata.
Na Bi Zuwena aandikiwe barua.
Haitamrudishia kitu. Aandikiwe.

Mwenyekiti anatazama saa, anataka mikono.
Minne huku. Minne kule.
Wa Bi Zuwena uko mezani,
unazungusha kifuniko cha chupa ya maji,
unazungusha, unazungusha.
Tutoke kwanza tukasali, anasema mwenyekiti.

Nje, kwenye benchi la ukumbi wa chini,
Mize amekaa na mkoba wa ukili magotini.
Haniulizi mikono mingapi.
Anafunua mkoba, ananyunyizia majani maji kwa vidole.
"Mtamaliza saa ngapi, Profesa?
Saladi inaninyong'onyea."