Unga wa Kutosha

Effie amevunjika kifundo cha mkono
kwenye barafu, hapa hapa mlangoni petu,
akitoa mfuko wa takataka ambao, nakiri,
ilikuwa zamu yangu kuutoa.
Kwa hiyo leo yeye kakaa kitini,
plasta mapajani kama paka mweupe mzito,
nami nimevaa aproni.

Watoto wa Catriona wanatoka Halifax,
watafika kabla ya giza, kama barabara itafunguliwa,
na hawajawahi kuingia nyumba hii
wakakuta kopo la biskuti tupu.

Kadi ya mama mkwe imeandikwa kwa penseli,
ina doa la siagi la mwaka sijui gani.
Molasi, kikombe. Siagi, nusu kikombe.
Yai. Tangawizi. Kijiko cha magadi
kilichokorogwa katika chai ya moto.
Halafu, mstari wa mwisho:
unga wa kutosha.

"Wa kutosha ndio kiasi gani?"
"Mpaka utoshe," asema Effie.

Mimi nimepima gesi mgodini kwa taa na kwa mita,
nimepima nguzo, nimepima nyufa za dari,
na hakuna msimamizi aliyewahi kuniambia
pima mpaka itoshe.

"Donge likikung'ang'ania, bado.
Likikukimbia, umezidisha.
Likikuachia vidole shingo upande,
hapo hapo, Murdo, koma."

Molasi haina haraka. Inashuka chupani
kama shahidi aliyeitwa mahakamani.
Nakoroga. Bega la kulia, lile lililopigwa na jiwe,
linanikumbusha kwamba lipo.
Unga umenipanda mpaka nyusi.
Effie anacheka, kisha anajishika mkono,
kwani kucheka nako kunauma.

"Usilisukume kama unafukuza mwizi.
Unene wa kidole. Changu, si chako."

Nakata kwa mdomo wa bilauri.
Duara, duara, duara, na moja kama sikio.

Sinia la kwanza limeungua chini.
Nilikuwa dirishani nikitazama katapila la theluji
likipanda kilima, likirudi nyuma, likipanda tena.
"Hizo zako," asema Effie.
"Mpishi huanza na makosa yake."

Naila nimesimama. Pembeni chungu,
katikati bado laini, tangawizi inachoma taratibu,
na mara niko chini,
chini ya sakafu ya bahari, maili mbili kutoka pwani,
taa nimeifunika kwa kofia, mgongo ukutani,
kopo la chakula magotini.
Biskuti tatu katika karatasi ya nta.
Mbili zangu. Ya tatu nilikuwa nikiimega,
makombo nikimtupia panya mmoja mwenye mkia mfupi
aliyejua saa ya chakula kuliko king'ora.

Miaka ishirini na miwili.
Nilizijua kwa ulimi, nilizijua kwa gumba,
ule ufa wa juu, ile sukari ya kukwaruza.
Swali moja sikuwahi kuuliza.

"Effie, ulikuwa ukizioka saa ngapi?"

Anapangusa unga usiokuwepo juu ya meza
kwa mkono wake mzima.
"Umelala," asema. "Ulikuwa ukikoroma.
Geuza sinia, upande wa kushoto una moto zaidi."

Nageuza sinia.

Sasa niseme siri: nilihesabu.
Vikombe vitatu na robo.
Nachukua penseli ya maneno mtambuka,
nainamia kadi, naandika tatu na
"Futa."
"Ni kwa ajili ya Catriona, siku moja..."
"Futa, Murdo. Leo hewa ni kavu, stovu inaunguruma.
Njoo Julai, na ukungu, uone kama ni tatu na robo.
Catriona atakuja asimame hapo uliposimama."

Nafuta. Doa la siagi limepata jirani wa kijivu.
Nje, taa za gari zinakata kona ya uani,
milango inabamizwa, mtu mdogo anaita jina langu,
na sinia la tatu bado liko ndani.