Hatua Kumi na Moja

Lamara hakuja na ramani. Alikuja na chaki,
akaniomba sinia, glasi nane, maji hadi ukingoni.
"Tembea," akasema, "kama ni Jumamosi usiku."

Nikatoka jikoni. Nguzo ya kwanza ikanigonga kiwiko.
Kila maji yalipomwagika, akachora duara.

Kiwanda hiki cha nyuzi, hapa Tbilisi,
Vazha alikitaka kiwe vitu vitatu:
kahawa asubuhi, supu mchana, mvinyo jioni,
na kaunta ya marumaru, ndefu, ya kuringia.

Lamara akamuuliza: "Asubuhi ya theluji,
mjane aliyekuja peke yake na gazeti,
mgongo ataegemeza wapi?"
Vazha akakuna ndevu.

Kaunta ikakatwa nusu, ikapata magurudumu.
Benchi likaufuata ukuta wenye bomba la joto.
Taa zikashuka hadi usawa wa nyuso,
na mlango ukahamishwa,
upepo wa mto usiingie na kila mgeni.

Siku ile, jikoni hadi kona: hatua ishirini na sita.
Sasa kumi na moja.
Mteja hazihesabu.
Magoti yangu yanazihesabu.

Chini ya meza ya nne
limebaki duara moja la chaki.
Napiga deki nikilizunguka.